Msamaria Hakumwacha Mlangoni

Neno letu leo liko Luka 10, mstari wa 30 hadi 35. Fungua Biblia yako usome kwanza ndipo uendelee hapa. Hadithi hii tumeihubiri mara nyingi mpaka tukadhani tumeimaliza.

Kila mtu anamkumbuka kuhani aliyepita kando. Tunamkumbuka Mlawi. Tunakumbuka mafuta na divai, na yule mnyama aliyembeba majeruhi. Lakini wahubiri wengi wakifika kwenye nyumba ya wageni hufunga Biblia na kuita wanakwaya. Leo nataka tuingie ndani ya ile nyumba. Kilichofanyika pale mlangoni ndicho kinachokosekana katika matibabu ya watu wetu hapa Giakanja, Tetu na Nyeri nzima.

Angalia vizuri. Kwanza, Msamaria alimpeleka majeruhi yeye mwenyewe. Hakumwonyesha njia. Pili, alikaa naye usiku akamtunza. Tatu, asubuhi alimkabidhi kwa mtu mmoja anayejulikana, mwenye nyumba, akamwachia dinari mbili na maagizo ya kumtunza. Nne, alisema atarudi, na kama gharama imezidi atalipa.

Sasa angalia jambo ambalo huenda hujaliona. Katika hadithi nzima yule majeruhi hasemi neno hata moja. Hakuna anayemwambia, "Ingia tu, ukifika mapokezi uwaeleze ulivyopigwa." Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Msamaria alisema kwa niaba yake.

Kwetu siku hizi mgonjwa ndiye anayetakiwa kusema yote, kubeba yote na kukumbuka yote.

Kuna mama mmoja katika ushirika wetu, amenipa ruhusa nisimulie bila kumtaja. Ana presha na sukari kwa miaka mingi. Presha anapimiwa zahanati ya karibu. Kliniki ya sukari iko hospitali kubwa, siku nyingine. Huko akaambiwa macho yaangaliwe, akapewa siku ya tatu. Kisha akatakiwa kupima figo, mashine ilikuwa imeharibika, akaenda maabara ya watu binafsi kwa pesa ya maziwa. Majibu yalipotoka, daktari aliyeyaitisha alikuwa amehamishwa. Aliyemkuta akamuuliza, "Nani alikutuma upime hii?" Akasema hajui jina, ni kijana mmoja mrefu. Faili likatafutwa, halikuonekana. Akafunguliwa faili jipya.

Kila chumba anaulizwa swali lile lile: unatumia dawa gani? Na yeye anajibu kama shosho wengi wanavyojibu: zile nyeupe ndogo, na zile za njano.

Siku moja akaanza kutetemeka usiku na kutoa jasho. Binti yake akatandaza pakiti zote mezani, akazipiga picha na kumtumia muuguzi mmoja wa kanisa letu. Kumbe pakiti mbili zenye majina tofauti zilikuwa dawa ile ile ya sukari. Moja alipewa huku, nyingine aliandikiwa kule, kila mmoja akifikiri ni yeye peke yake anayemtibu. Hakuna aliyemtakia mabaya. Wote wawili walikuwa wanafanya kazi yao.

Nilipomtembelea aliniambia, "Pasta, siku hizi mimi ndiye faili."

Neno hilo limenikaa moyoni. Mtu ni mgonjwa, miguu imevimba, macho yamefifia, na bado yeye ndiye anayebeba habari kutoka kwa daktari mmoja hadi mwingine. Akisahau kitu kimoja, anaumia yeye.

Soma pia Marko 5, yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Marko anatuambia kwamba alipitia mikononi mwa matabibu wengi, akateseka, akamaliza mali yake yote, na hali ikazidi kuwa mbaya. Huyo hakukosa daktari. Alikuwa nao wengi. Watu wa pwani wana methali yao: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sisi wa mlimani hatuna bahari, lakini tunaelewa.

Mtu asiniambie nawasema vibaya madaktari na wauguzi. Katika kanisa letu wapo, na ninajua wanavyorudi nyumbani wamechoka. Daktari mmoja anaona foleni inayojaza benchi na kufika nje kwenye jua. Hana nafasi ya kupiga simu kumi kuuliza mama fulani alipewa nini Jumanne. Ninachosema ni kwamba kila mlango unaweza kuwa na mtu mzuri ndani, na mgonjwa bado akaumia kati ya mlango na mlango.

Mambo haya yamewahi kutokea mbele ya nchi nzima. Mnamo Oktoba 2015, mtu aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi karibu saa 18, akizungushwa kati ya hospitali za Nairobi kutafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Gari lilikuwepo, hospitali zilikuwepo. Baadaye alifariki. Tena mwanzoni mwa 2018, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, wagonjwa wawili walichanganywa majina. Mmoja alihitaji kupasuliwa kichwa kuondolewa damu iliyoganda, mwingine hakuhitaji kisu kabisa. Aliyepasuliwa ni yule asiyehitaji, na madaktari waligundua wakiwa katikati ya kazi kwamba ile damu waliyokuwa wanaitafuta haipo. Ujuzi ulikuwepo, vifaa vilikuwepo. Kilichopotea ni jina, njiani kutoka wadi hadi chumba cha upasuaji.

Hata dunia imeliona tatizo hili. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha kampeni ya mwaka 2017 ya kuzuia madhara ya dawa, lilitaja sehemu tatu za kuangaliwa kwanza: hali za hatari kubwa, mgonjwa anayetumia dawa nyingi kwa wakati mmoja, na mgonjwa anapohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mama yetu ana mbili kati ya hizo tatu, na anaishi hapa kwetu.

Na Nyeri tulipaswa kuwa mbele. Desemba 2018 serikali ilipozindua majaribio ya afya kwa wote, kaunti zilikuwa nne: Kisumu, Machakos, Isiolo na sisi. Nyeri ilichaguliwa kwa sababu ya magonjwa yasiyoambukiza, kisukari kikiwa mbele. Kwa maneno mengine, nchi ilitazama ugonjwa wa huyu mama ikasema, hapa ndipo tujifunze. Tangu hapo mengi yamebadilika. Oktoba 2023 sheria nne za afya zilitiwa sahihi kwa siku moja, mojawapo ikiwa ya afya ya kidijitali, inayotaka taarifa za mgonjwa zikae katika mfumo mmoja uliounganishwa. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF, iliyokuwepo tangu 1966. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na mshahara analipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi.

Nawahimiza mjiandikishe na mlipe. Lakini tusidanganyane. Kadi inakufungulia mlango. Kadi haimwambii daktari wa macho kile alichosema daktari wa sukari. Dinari mbili za Msamaria zilikuwa muhimu, ila kama angeziacha mfukoni mwa majeruhi na kwenda zake, tusingekuwa na hadithi ya kuhubiri.

Je, inawezekana kufanya vizuri zaidi? Inawezekana, na tayari tunafanya. Muulize mama yeyote mwenye mtoto mdogo akuonyeshe kitabu cha mama na mtoto. Kimeandikwa ujauzito ulivyokwenda, chanjo, uzito, tarehe ya kurudi. Akihama kutoka Giakanja kwenda Nanyuki au Karatina, nesi wa kule anafungua ukurasa na kuendelea alipoachia mwenzake. Kitabu hicho akina mama wanakitunza kuliko cheti cha ndoa. Kwa nini basi shosho wa miaka 68 mwenye magonjwa matatu anaenda na daftari la shilingi 20 lililochanika jalada, na kila daktari anaandika ukurasa wake bila kusoma wa mwenzake? Kama tumeweza kwa mtoto, tunaweza kwa shosho.

Najua kuna mtu atanijibu hapa chini: "Pasta, wewe ni mtumishi wa Mungu. Wafundishe watu kuomba, haya ya faili waachie serikali."

Mpendwa, nitaomba. Tunaamini uponyaji, na nimeona Mungu akiponya. Lakini soma Matendo 6. Kanisa la kwanza lilikuwa limejaa Roho Mtakatifu. Hata hivyo wajane fulani walikuwa wanasahaulika katika mgawo wa kila siku. Chakula kilikuwepo, nia njema ilikuwepo, utaratibu ndio ulikosekana. Mitume hawakuitisha kesha ili wajane washibe kwa muujiza. Waliomba watu saba wenye sifa njema wachaguliwe, wakapewa kazi ile, na mitume wakaendelea na maombi na Neno. Utaratibu ulishughulikiwa na watu waliojaa Roho. Kumbe kupanga mambo ya mjane ili asisahaulike ni kazi ya kiroho.

Na kumbuka ni nani aliyetuandikia habari za Msamaria. Ni Luka peke yake. Mathayo hana, Marko hana, Yohana hana. Paulo anamtaja Luka kama tabibu aliyempenda. Mimi sishangai kwamba mtu wa matibabu ndiye aliyehakikisha tunajua mgonjwa alikabidhiwa kwa nani, kwa kiasi gani, na kwamba kuna atakayerudi kuuliza.

Kanisa letu linajua harambee. Mtu akilazwa, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa kabla jua halijatua, namba ya M-Pesa inawekwa, na mweka hazina anatangaza kila mia mbili inayoingia. Hiyo ni neema, isipungue. Lakini harambee huja mwisho, bili ikishakuwa kubwa. Mtu wa kumsindikiza kliniki mwezi wa tatu angeweza kuokoa bili ya mwezi wa tisa. Nauli ya mtu mmoja kutoka hapa hadi mjini na kurudi ni ndogo kuliko siku moja ya wadi.

Kwa hiyo nina mambo ya kutuomba sisi, na nina mambo ya kuwaomba wakubwa.

Sisi wenyewe tuanze hivi:

1. Kitabu kimoja. Kila mwenye ugonjwa wa muda mrefu awe na daftari moja gumu, la hospitali zote. Ukurasa wa kwanza uandikwe jina, namba ya mtu wa karibu, magonjwa yake, dawa zinazomdhuru, na majina ya dawa kama yalivyo kwenye pakiti. Vijana, nyinyi mna simu. Pigeni picha kurasa hizo. Daftari likinyeshewa, picha itabaki.

2. Mfuko mmoja. Siku ya kliniki beba dawa zote ulizo nazo, hata zile za kemisti na zile za miti shamba. Ziweke mezani mbele ya daktari. Usione haya kusema kwamba nyingine uliacha kuzinywa. Daktari anahitaji ukweli ili akusaidie.

3. Maswali matatu. Usitoke chumbani kabla hujajua: Nina shida gani? Nifanye nini nyumbani? Nirudi lini, na nimtafute nani? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakupa haki ya kuelezwa hali yako kwa lugha unayoielewa inapowezekana. Kama Kiingereza kinakushinda, sema kwa upole, "Daktari, nieleze kwa Kiswahili," au kwa Kikuyu. Huo si utovu wa nidhamu.

4. Usiache dawa kwa sababu umeombewa. Mungu akikuponya, kipimo kitasema, na daktari wako ataona. Yesu alimwambia mwenye ukoma aliyemtakasa aende kwa kuhani akaonekane. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa.

5. Mtu mmoja. Hili ndilo kubwa kwangu. Kuanzia Jumapili ijayo, kila kikundi cha nyumbani kichague watu wawili wa kusindikiza wagonjwa wake. Asiwe lazima msomi. Awe mvumilivu, mwenye kuficha siri za watu, na mwenye kuandika vizuri. Kazi yake ni kumchukua mgonjwa nyumbani, kukaa naye kwenye benchi, kuingia naye chumbani kama mgonjwa amekubali, kuandika yaliyosemwa, na baada ya siku tatu kupita kumuuliza: umepata dawa zote? Majibu yametoka? Huyo ndiye Msamaria anayerudi. Wauguzi wetu waliostaafu watatupa mafunzo mafupi. Na wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba tushirikiane nao, maana wao wanatambulika na serikali na wanajua nyumba zetu.

Mtu anayesindikiza asigeuke daktari. Usimbadilishie mgonjwa dawa, usimwambie ya jirani yako ndiyo nzuri. Na habari za mgonjwa zisiingie kwenye kikundi cha WhatsApp, hata kwa jina la ombi la maombi. Mwombee kwa jina lake mbele za Mungu, ugonjwa wake uache kinywani mwake.

Kwa wakubwa wetu wa kaunti na wa taifa, nawaandikia kwa heshima, kama mtu anayewaombea kila Jumapili. Katiba yetu, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Tunaomba mambo matatu ambayo hayahitaji jengo jipya. Wenye sukari na presha wapewe kitabu cha maana kama kile cha mama na mtoto, kinachoheshimiwa katika kila kituo, mpaka siku mfumo wa kompyuta utakapofika kila zahanati na ufanye kazi hata stima ikipotea. Mgonjwa akiandikiwa rufaa, anayemtuma amjulishe anayempokea kabla mgonjwa hajapanda matatu, na majibu yarudi kwa aliyemtuma. Na mtu mwenye kliniki tatu apangiwe siku moja pale inapowezekana, badala ya kupoteza siku tatu za kuchuma chai au kukamua ng'ombe.

Na wewe unayesoma, vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti vikiitishwa, nenda. Usiende kwa matusi. Nenda na lile daftari lililochanika, ulionyeshe, useme, "Hili ndilo faili la mama yangu."

Mwisho, nina neno kwa mgonjwa anayesoma haya akiwa kwenye benchi, namba yake 74 na wako 31. Uchungu wako si kukosa imani. Kuchoka kueleza habari zako mara ya tano si kunung'unika. Yule mwanamke wa Marko 5 alipomgusa Yesu, Yesu alisimamisha msafara wote, akataka kujua ni nani, akamsikiliza akisema habari zake zote, akamwita binti. Umati ulikuwa unasukumana, na mtu mkubwa wa sinagogi alikuwa anasubiri kwa haraka. Yesu bado alikuwa na nafasi ya kumsikiliza mtu mmoja mpaka mwisho. Bwana huyo hajabadilika. Habari zako anazijua zote, hata ukurasa uliopotea.

Tuombe. Baba, wakumbuke wagonjwa wetu wanaozunguka kutoka mlango hadi mlango. Watie nguvu madaktari, wauguzi na watu wa maabara. Wape viongozi wetu moyo wa kuunganisha kazi zao. Na sisi utupe miguu ya kusindikiza, masikio ya kusikiliza, na uaminifu wa kurudi kuuliza. Kwa jina la Yesu. Amina.

Kama una mgonjwa nyumbani kwako asiye na wa kumsindikiza kliniki wiki hii, usiandike ugonjwa wake hapa. Nitumie ujumbe wa faragha, au mwone mzee wa kikundi chako. Tutapata mtu.